Siku Tatu za Kujiandikisha

Barua ya kukubaliwa chuoni ilimkuta mpimaji damu wa hospitali amevaa glavu mikononi, hivyo mama wa mapokezi ndiye aliyeifungua na kuisoma kwa sauti mlangoni mwa maabara, akiyakanyaga maneno magumu kama mtu anayevuka tope. "Shahada ya uzamili... sayansi za biolojia ya tiba... magonjwa ya damu... muhula unaanza..." Hakuifikisha mwisho. Mwanamke mkuu wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Maabara, alikuwa ameshashuka kwenye kiti chake kirefu na kupiga vigelegele mpaka wagonjwa wa foleni wakachungulia, wakidhani kuna mtu kajifungua.

"Nimezaa profesa!" akasema. "Na uchungu wenyewe sikuusikia!"

Basi tangu siku hiyo yule mpimaji akawa Profesa, kuanzia kwa wafagizi mpaka kwa daktari mkuu. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita, mrefu, si msemaji sana. Alianza kazi pale na cheti kimoja tu, digrii akaisoma kwa mbali, akitumia likizo zake kufanya mitihani huku wenzake wakitumia zao kulala. Mama Maabara ndiye aliyempokea. Siku ya kwanza alimpa slaidi ya damu ahesabu chembe. Akahesabu. "Tena," akaambiwa. Akahesabu tena. Mara ya tano, machozi yakimlengalenga, yule mama akamwambia, "Sasa unaelewa kwamba hayo si madoa. Ni mtu. Na mtu hapimwi kwa haraka."

Miaka kumi na mitatu alifanya kazi ubavuni mwake. Barua ya mapendekezo iliyomwingiza chuoni aliiandika yule mama, kurasa mbili nzima, sifa nyingine zikimfanya mwenyewe aone haya.

Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Kwa mwaka mmoja na ushei, Profesa alikuwa akijua jambo ambalo pale hospitalini hakuna mwingine aliyelijua: Mama Maabara alikuwa haoni vizuri. Ilianza kwa maneno madogo. Miwani imechafuka. Rangi ya siku hizi hafifu, haishiki kwenye slaidi. Taa ya hadubini imechoka. Profesa akabadilisha taa, akachuja rangi upya, akamfutia miwani kwa pamba na spiriti, na bado majibu yakaendelea kupotoka. Alipoandika kwamba damu haina vimelea vya malaria, Profesa akipitia anavikuta. Alipoandika ni vingi, anakuta uchafu wa rangi tu.

Akajizoesha kuzisoma upya slaidi zake zote kabla majibu hayajatoka. Alipokuta kosa alilikata, akaandika jibu la kweli kwa mwandiko wa yule mama. Aliuiga mwandiko ule mpaka mkono ukauzoea, ile mikia mirefu ya herufi na ule mlalo wa kushoto. Hawakuwahi kulizungumza. Mama Maabara aliziacha slaidi kando ya kikombe chake kama mtu aliyesahau, akaenda kupiga soga mapokezi. Profesa naye alizichukua kama mtu asiye na kazi. Mwenyewe aliliita jambo hilo heshima. Aliyekufundisha kutembea, akianza kuchechemea humnyooshei kidole.

Muhula ulikuwa umebakiza wiki saba kuanza. Kila alfajiri Profesa aliketi mezani jikoni na vitabu vyake, na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alishona kando yake akimsikiliza. Biokemia ndiyo iliyomtoa jasho. Alikuwa ameisahau, na mkewe akajifanya mtahini.

"Sukari ikishaingia kwenye chembe inakwenda wapi?"

"Inavunjwavunjwa."

"Na nani?"

"Na vimeng'enya."

"Basi waambie hao vimeng'enya waje wavunje na hii iliyoganda kwenye kopo, maana mimi kijiko kimeshapinda."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliutazama ukurasa bila kuusoma. Mkewe akaondoa mguu kwenye cherehani. "Una nini wewe? Wiki nzima unakula kama unahesabu punje."

Akamwambia yote, macho, slaidi, mwandiko. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kitambaa kikiwa bado kimebanwa chini ya sindano.

"Ukiondoka, nani atazisoma?"

"Ndiyo hilo."

"Basi hiyo si siri yenu ninyi wawili. Ni ya kila anayetolewa damu pale. Mwambie aseme, au sema wewe."

Alipiga moyo konde siku tatu kabla ya kupata la kuanzia. Alimkuta Mama Maabara kwenye sinki, akinawa mikono polepole kama alivyonawa siku zote, kidole kwa kidole.

"Mama, nikiondoka, kazi hii..."

"Najua unachotaka kusema," akamkatiza bila kugeuka. "Nimebakiza miezi minane nistaafu. Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Sijawahi kuandikiwa hata onyo la kuchelewa. Niache nitoke kwa mlango, nisitupwe kwa dirisha."

"Na macho, mama?"

"Nitabadilisha miwani."

Wote wawili walijua kwamba miwani haikuwa na kosa. Profesa alikuwa na maneno kinywani, ameyapanga vizuri tangu nyumbani, lakini alipoiona mikono ile iliyomshika mkono mara ya kwanza kumwonyesha namna ya kutandaza tone la damu, maneno yakarudi tumboni. Wakakubaliana kwamba slaidi yoyote yenye utata itavushwa barabara kwenye zahanati ya jirani ikasomwe na mtu wa kule. Mama Maabara akaahidi. Profesa akajiridhisha na ahadi, kwa sababu alitaka kuridhika.

Wiki iliyofuata chuo kikamwita. Siku tatu: kuhakiki vyeti, kupigwa picha ya kitambulisho, kufanya mtihani wa kupima uwezo. Baadaye alikuwa akijilaumu hata kwa furaha aliyoipata huko. Alitembea kwenye korido ndefu zenye harufu ya rangi mpya ya ukuta, akaona hadubini ambazo hakuwahi kuziona ila kwenye vitabu, akajibu swali la sukari na vimeng'enya bila kukwama. Akanunua koti jeupe jipya, akalijaribu chooni mbele ya kioo kama bwana harusi.

Alirudi kazini Ijumaa asubuhi. Mama wa mapokezi hakumwita Profesa. Alimsogelea akasema kwa sauti ya chini, "Binti wa yule fundi wa kuchomelea mageti, yule wa miaka minne, amefariki jana mchana. Aliletwa Jumanne na homa. Damu ikapimwa, ikaonekana haina kitu, akapewa dawa ya kifua akarudishwa nyumbani. Jana asubuhi wakamleta degedege limemshika. Daktari alijitahidi, lakini wapi."

"Kipimo cha haraka hakikufanywa?"

"Vimekwisha stoo tangu Jumatatu. Kulikuwa na hadubini tu."

Hakuuliza nani aliyesoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la slaidi za wiki, akatafuta ya Jumanne, akaitia tone la mafuta na kuiweka chini ya lenzi. Hakuhitaji kutafuta. Vimelea vilijaa kila aliposogeza, pete ndogondogo za zambarau ndani ya chembe, nyingine mbilimbili katika chembe moja. Slaidi ile haikuwa na utata hata kidogo. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeiona.

Alisikia kiti kirefu kikisogezwa nyuma yake.

"Ni ile ya mtoto?" Mama Maabara akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kuna nini?"

Profesa akarudisha jicho kwenye lenzi.

"Nakuuliza wewe. Kuna nini?"

"Vimejaa, mama. Vimejaa tele."

Mama Maabara hakulia wakati ule. Alisema tu, kama anayemweleza mtu wa tatu, "Mimi niliona peupe. Nikasema peupe ni peupe, nashukuru, mtoto mzima." Kisha akavua koti lake la kazi, akalikunja mara nne, akaliweka kwenye kiti. "Nishike mkono unipeleke kwa daktari mkuu. Zile ngazi sizioni."

Ndiyo mara ya kwanza alilitamka.

Mbele ya daktari mkuu alisema yote mwenyewe, wala hakujipunguzia. Alipomaliza, Profesa naye akasema la kwake, kwamba kwa mwaka na zaidi alikuwa akisahihisha na kuiga mwandiko. Mama Maabara akamkemea, "Wewe nyamaza, una shule!" Lakini hakunyamaza. Daktari mkuu, mtu aliyezoea kupiga meza kwa mambo madogo, safari hii hakupiga kitu. Alivua miwani akajifunika macho kwa kiganja.

Mama Maabara alistaafishwa wiki ileile, bila keki wala hotuba. Profesa aliandikiwa onyo kali, na ruhusa yake ya masomo ikafutwa. Haikuwa adhabu, daktari mkuu alimwambia. Ila sasa amebaki peke yake wa kusoma damu, na wagonjwa hawawezi kusubiri muhula. Akaona ni haki. Akakiandikia barua chuo, akaeleza kilichotokea bila kukipaka rangi, akaomba wamwekee nafasi mwaka mmoja kama bado wanamtaka.

Lilibaki jambo moja ambalo hakuna aliyemtuma. Siku kumi baada ya maziko alikwenda kwenye karakana ya yule fundi. Alimkuta anapiga msasa mlango wa chuma kwa mashine. Fundi akamtambua kwa koti, akazima mashine.

"Nimekuja kukwambia ukweli kuhusu damu ya mwanao," Profesa akasema, na akamwambia, akiwa amesimama, kwa sababu kiti hakikutolewa.

Fundi alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kufuta hata ilipokwisha kuwa safi. "Kwa hiyo mlijua kuwa haoni."

"Nilijua."

"Na kila siku ulikuwa unarudia kazi yake."

"Kila siku."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda chuoni kujiandikisha."

"Unasomea nini?"

Profesa alitamani swali lingine lolote. "Magonjwa ya damu," akasema.

Fundi akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayekubaliana na kitu ambacho hakukiamini. "Alikuwa anaogopa sindano," akasema. "Siku hiyo hakulia. Nilimwambia akitoa damu watajua kinachomuuma." Akavaa miwani yake ya kazi, akawasha mashine. Cheche zikaruka kati yao, na Profesa akaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mwaka ulipita hivyo. Alisoma damu asubuhi hadi jioni, na kila slaidi ya kumi aliipeleka kwa mtu wa zahanati ya jirani airudie, hata alipokuwa na hakika. Alfajiri aliendelea na vitabu. Mkewe aliendelea kumtahini, ila mizaha ilipungua. Katikati ya mwaka akaajiriwa dada mmoja mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, na chuo kikajibu kwamba nafasi ipo.

Siku mbili kabla ya safari alikwenda kumuaga Mama Maabara. Aliishi kwa dada yake, chumba cha uani; alimkuta akichambua mchele kwenye ungo kwa ncha za vidole. Alipoingia, mama aligeuza uso ukutani.

Profesa alidhani hataki kumwona. "Mama, ni mimi."

"Najua. Kaa hapohapo. Nikikutazama usoni nakukosa, katikati pana wingu. Nikitazama pembeni ndiyo nakupata kidogo." Akaukazia macho ukuta, akatabasamu kuelekea ukutani. "Umekonda."

Walikaa. Akamsaidia kuokota mawe kwenye mchele. Mama akauliza, "Yule baba unamwona?"

"Hupita mbele ya hospitali. Hanisalimu."

"Usimlazimishe."

"Simlazimishi, mama."

"Mimi nilimtuma dada akaniombee msamaha. Akarudi akasema amepokewa vizuri, amepewa na maji. Najua ananidanganya." Vidole vikasimama kwenye mchele. "Ungesema, ningekuchukia, mwanangu. Ningekuchukia kweli. Lakini ungesema tu."

"Ndiyo, mama," akaitika, akaokota jiwe lingine kwenye ungo.

Muhula ulianza Jumatatu. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote, na vijana walimwachia kiti cha mbele kwa adabu. Somo la kwanza lilikuwa usalama wa maabara: namna ya kunawa mikono, mahali pa kutupa sindano, nani wa kuarifiwa jambo likiharibika. Vijana walipiga miayo. Yeye aliandika kila neno.