Nyapara wa Mkono wa Chuma

Mwaka wa 1975, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alikufa akatuachia njaa. Shule niliishia darasa la tatu. Nikashuka Changamwe kubeba simiti, na simiti ndiyo iliyonilea. Nikawa nyapara wa makuli kumi na wawili, wala hakuna aliyenibeba mimi.

Makuli tulikuwa na desturi yetu: mwenzetu akifa, kaburi tunalichimba sisi wenyewe. Hatungojei majirani.

Kisha, nikiwa mzee tayari, tajiri wetu mwenye godauni akaleta mtambo. Mkono wa chuma unanyakua mifuko kwenye mkanda, unaipanga, gari lisilo na dereva linaipandisha hadi karibu na bati. Akaniita.

"Mzee, nataka mtu mmoja tu wa kuuangalia. Ni wewe, ama nitafute mwingine."

"Na wenzangu?"

"Nimesema mmoja."

Nikakubali. Wale kumi na wawili wakaenda nyumbani. Radhi sikumwomba mtu, na leo siombi. Nilikuwa na wajukuu shuleni. Lakini sikujua nakubali nini. Nafungiwa katika kizimba cha vioo. Mkono ukitembea mlango haufunguki, ati ni usalama. Kiu ikinibana, ningoje. Haja ikinibana, ningoje. Mtu akinisalimu naona midomo tu. Godauni lililojaa nyimbo na matusi tangu alfajiri, sasa ni mlio wa injini na mimi.

Mwaka jana akafa kuli mwenzetu, yule aliyenifundisha kushusha mfuko bila kuvunja shingo. Nikaenda kwao Rabai. Nikawakuta wenzangu wamevua mashati, shimo limewafika kiunoni. Nami nikavua langu, nikanyoosha mkono nipewe sepetu.

"Aa, nyapara, keti," akasema shemeji yangu, naye ni mmoja wa wale kumi na wawili. "Utachafuka bure."

"Nipe sepetu, shemeji."

"Ya nini? Wewe bonyeza tu, litachimbika."

Wakacheka, hata mchungaji akainamisha uso. Mjane, maskini, akaja mwenyewe na kiti cha plastiki, akaniwekea kivulini kando ya mchungaji, akaniletea chai ya maziwa. Kule shimoni wanakunywa ya rangi. Kiti cha heshima nitakikataaje mbele ya mjane? Nikaketi. Nikaketi mpaka udongo wa mwisho, shati mkononi, kama mgeni aliyekosea matanga.

Jumatatu kizimba kikanifunga tena. Kuacha siwezi. Mgongo wangu haubebi mfuko sasa, na hata ungebeba, genge la kulirudia liko wapi?

Nilicho nacho leo: nyumba ya matofali Mikindani, vyumba vitano, hati ina jina langu. Kiwanja Kiembeni, nimekizungushia ukuta. Pikipiki mbili. Ng'ombe na ndama wake. Mahali pa kaburi langu nimekwisha pachagua. Wachimbaji sina.