Kabwato ka Mutu Moja

Kiisha bibi yangu wa ndoa kufa, bwato yetu kubwa ilinishinda. Ilikuwa inaomba bantu babili: yeye mbele na kafi, mi nyuma na maneno mingi. Nilijaribu kuipeleka peke yangu, ikazunguka fasi moja tu sawa mbuzi ya kamba. Ku mwambao bantu balicheka. Mi pia nilicheka, sikuwa na kazi ingine.

Njo nikapanda baiskeli mpaka Puta, ku mufanyabiashara moja wa Kongo mwenye alikuwa na kabwato ka tanga, kamezeeka.

"Papa, hii haina shida," anasema. "Inaingiza mayi kidogo tu, pa chini."

"Pa chini njo fasi mayi iko, mwana."

"Basi utaitengeneza mbele ya kuitia ku ziwa."

Nikamuachia baiskeli. Kabwato kalirudi juu ya lori ya samaki, mi nimekaa ndani, kafi ku mukono, nikisalimia bantu ba barabara yote mpaka kwetu Nchelenge.

Sasa matengenezo. Mi nilisoma mpaka grade seven, nusu. Ile nusu ingine ilibakia ku mwalimu. Lakini hesabu moja niliijua: mutu moja, kiti moja. Nikatoa kiti ya mbele. Nikatoa mbao nzito, nikatia nyepesi. Nikaziba matundu na pamba na lami. Tanga nilishona na mifuko ya unga, ziwa nzima ikasoma kama mi niko kilo makumi mbili na tano.

Kiisha nikakata mabomba ya plastiki ya kutia chini ya bwato, ibingirike ku muchanga sawa magurudumu, nipandishe mwenyewe.

Ku kwetu mutu hapandishi bwato peke yake. Ukifika unapiga mluzi, benye kuwa karibu banaacha kazi, banashika, banavuta. Kila mutu anakamata samaki moja, anaenda. Lakini tangu kilio ya bibi yangu, kila mara balikuwa banaangalia ile fasi ya mbele, kiisha banauliza, "Unalalaka, batata, baba yetu?" na sauti ya matanga. Nilikuwa nimechoka na ile sauti.

Basi siku ya kwanza nikapandisha kabwato mwenyewe, tatata, mpaka juu. Benye balikuwa banashona nyavu balisimama, bakaona imekwisha kufika, bakakaa tena.

Jirani yangu, mama mwenye kukausha samaki, akasema, "Eh, batata, umekuwa na magurudumu. Sisi tuko bure sasa."

"Mupumuzike, mama. Mumenivutia miaka mingi."

Balipumuzika kweli. Wiki ya kwanza nilifurahi. Ya pili, samaki ilikuwa inabakia mingi mu beseni, nikakula mpaka nikachukia harufu yake. Ya tatu nikasikia ngoma, nikatoka kuuliza nini iko, kumbe yule mama jirani anaolesha binti yake. Habari kama ile ilikuwa inasemwa wakati bantu bameinama, mikono ku bwato. Hakuna mutu anatembea mpaka ku nyumba ya mwenye magurudumu kumuambia.

Nikaficha mabomba chini ya kitanda. Asubuhi nikatia mawe saba mu bwato, nikafunika na mfuko. Kurudi, nikapiga mluzi. Mluzi ilitoka mubaya, mdomo ilikuwa imesahau.

Bakakuya batano. Bakashika, bakavuta, bwato ikakataa.

"Batata, leo umevua ziwa yote?" mama anauliza.

Kijana moja akafunua mfuko. Akahesabu mawe saba.

"Ni ya upepo," nikasema. "Bwato ya tanga bila uzito inapinduka."

Ni kweli, inapindukaka. Lakini mawe mbili zingetosha, na bantu ba ziwa banajua.

Mama akaangalia mawe, akaniangalia miye. Ile sauti ya matanga, nikaingojea. Anasema, "Basi shika kule nyuma. Usisimame tu sawa bwana-kubwa."

Tukavuta. Akanihadithia mujukuu wake anaota meno, anauma kila mutu, hata pasta. Tulicheka na migongo imeinama. Kila mutu akakamata samaki yake, bakaenda kupika.

Nikabakia kutoa mawe, moja moja, sababu bwato haiwezi kulala na uzito. Ku mwambao hakukuwa tena mutu. Asubuhi nikayarudisha yote saba, na nikaongeza moja.