Mwenye Kamba Shingoni

"Hivi yule mfamasia wa mtaa wa juu huwa anaitikia salamu yako?" jirani yangu aliniuliza tukianika nguo. Nikamwambia anaitikia, ila anamwitikia mbwa wangu. Mungu anisamehe, lakini ndivyo alivyo. Sisi wenye mbwa tukikutana njiani, kila mtu hufupisha kamba yake, tukajuliana hali, tukapishana kwa amani. Yeye kamba ameivaa shingoni kama nishani, na lile dume lake la mbwa linatangulia likiwa huru. Akiwa bado kule kwenye kona hupaza sauti, ile nyororo ya kuuzia dawa ya kikohozi: "Haumi huyo, anacheza tu!" Mbwa wangu ni kikongwe, jicho moja halioni. Akishabwagwa mavumbini ndipo bwana hufika, akainama, akamfinya sikio kwa vidole vinavyonukia sabuni: "Hujambo, mrembo? Mwambie mama aache uoga." Mimi hanitazami, kana kwamba ni nguzo ya kufungia mbwa.

Juzi tulipokutana tena, mbwa wa muuza nyama alikuwa amesimama katikati ya njia, hana kamba wala mwenyewe, anatuonyesha meno. Lile dume likafyata mkia, likajisokomeza katikati ya miguu ya bwana wake. Naye, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akanitazama usoni.

"Shikamoo, dada," akasema, mtu aliyenizidi umri. "Naomba tuongozane. Ila mbwa wako ndiye atangulie."