Maombi Kando ya Kitanda Changu

Nichekeni mkitaka. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nilikuwa nyumbani karibu na Masimba nikibishia kila kitu. Kila mwezi kikundi cha akina mama kilikagua jiko la mwanachama mmoja. Safari hii ilikuwa zamu ya mama yangu, mwenyekiti wao wa miaka mingi. Alikwenda Keroka kununua sukari, akaniachia vyombo nioshe. Nikaketi kusoma, nikijiuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kuchungulia sufuria za watu.

Mara nikasikia nyimbo kwenye migomba. Akina mama walikuwa wamewahi. Nilikumbuka kwamba mwenyekiti aliyemtangulia mama aliondolewa kwa sababu ya jiko chafu. Nilisukuma vyombo vyote chini ya kitanda changu, nikajifunika blanketi hadi kidevuni.

"Kerubo, mbona umelala?" aliuliza Mama Nyaboke, katibu wao.

"Naumwa, mama."

Alinigusa paji la uso. Nilikuwa nikitokwa jasho na kutetemeka kwelikweli.

"Hii ni malaria. Akina mama, njooni tumwombee mtoto wa mwenyekiti."

"Msijisumbue. Mimi hata siamini maombi."

"Basi tutaamini kwa niaba yako."

Mama aliingia na sukari yake wakati wanawake wote wakipiga magoti kuzunguka kitanda. Mama Nyaboke aliinama, akachungulia chini ya kitanda. Kisha akavuta sufuria yenye ukoko wa ugali wa juzi.

"Mwenyekiti," akasema, "ugonjwa tumeuona."