Kisu Changu na Shemeji Aliyenitunzia

Nakumbuka siku moja ya mavuno, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka, mzee mzima kama mimi. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi hapa Lipangalala, bado nazoea njia za ukweni. Kaka yangu alikuwa dereva wa malori yanayokwenda Zambia. Alikuja kunisalimia akanikuta nakata masuke ya mpunga kwa kipande cha bati kilichozungushiwa kitambaa, vidole vimepasuka hata chumvi siwezi kushika. Safari iliyofuata akarudi na kisu.

Najua unasema moyoni, kisu ni kisu tu, bibi huyu naye. Subiri kwanza. Kile kilikuwa kisu cha kukunja, cha kuweka mfukoni, kizito kuliko kilivyoonekana kwa macho. Mpini wake wa pembe nyeusi, umesuguliwa mpaka unateleza. Ukikifungua kinalia “ka!” na kujikaza chenyewe, hakirudi kukukata vidole mpaka ukibonyeze mgongoni. Bei yake kaka hakunitajia. Alisema tu nisije nikamwambia mke wake.

Siku ya kwanza sikufanya kazi ya maana, nisikudanganye. Kufungua, kufunga. Kufungua, kufunga. Nikanyoa vinyweleo vya mkono, vikatoka. Nikamtafuta kambale, yule mtelezi anayetutoa jasho sisi wanawake wote wa Kilombero, na kisu kikampita tumboni kama hana ngozi. Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikaingiwa na woga, kwa sababu ukweni kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Sufuria za mama mkwe, jembe la mume, hata kitanda nilichokilalia alikichonga baba mkwe. Katika nyumba ile nzima, kitu cha kusema hiki changu mimi Otilia kilikuwa kisu kile basi.

Nikaenda nacho shambani Katindiuka. Enzi zetu mpunga tulivuna suke kwa suke, na ukiwa na kisu kibovu jua linakuzamia hujamaliza hata kipande. Siku hiyo nilikata mpaka mawifi zangu wakaanza kunong'ona. Mara akatokea shemeji yangu Ditramu, mdogo wake mume wangu, mikono mitupu kama kawaida yake wakati wa mavuno.

“Shemeji, hebu nikione hicho.”

Nikampa. Akakifungua, akakifunga, akakisikiliza kinavyolia, akatabasamu.

“Mwee! Hiki si cha kuvunia mpunga, shemeji. Utakipoteza kwenye matope haya. Ngoja nikutunzie.”

Kikaingia mfukoni mwake. Mume wangu alikuwa pale pale anafunga mzigo. Nilimtazama aseme kitu. Akacheka kidogo, akainama kukaza kamba ambayo ilikuwa imekaza tayari. Mimi nikarudia kipande changu cha bati.

Nikutunzie! Hebu lisikilize neno hilo, mwanangu. Tunamtunza mgonjwa, tunawatunza wazazi, tunatunza mbegu ya msimu ujao. Ni neno la heshima, na mtu mzima na ndevu zake analichukua kubebea kitu cha mwenzake! Bora mwizi, kwa sababu mwizi ukimwona anakimbia. Huyu anayekutunzia hakimbii. Anakaa kwako, anakunywa chai yako, anakuuliza watoto hawajambo, na wewe unatakiwa umshukuru.

Kila nilipomwuliza jibu lilikuwa moja: “Kipo, shemeji. Kwani una haraka gani?” Kumbe kisu kiko kilabuni kinakata nyama ya kitimoto. Kinafungua chupa za bia. Kinachokonoa meno ya walevi! Watu wakaanza kukiita kisu cha Ditramu, na wengine wakanisifia mimi usoni kwamba nina shemeji mwenye kisu kizuri. Mawifi wakanionya kwamba mke wa watu hadai kisu kwa shemeji yake, ataonekana mgomvi. Wahenga walisema ukicheka na nyani utavuna mabua. Mimi sikucheka hata siku moja, niliacha tu kuuliza, nikanyamaza, na mabua nikavuna vilevile.

Ikafika komunio ya kwanza ya mtoto wa Ditramu. Ukoo mzima tukakusanyika, mbuzi akachomwa. Ilipofika saa ya kugawa nyama, Ditramu akasimama mbele ya wageni, akachomoa kisu changu, akakifungua kwa madaha. Ka! Mama mkwe wangu, mama mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa kwenye mkeka na wazee wenzake. Akauliza hicho kisu ni cha nani.

“Cha shemeji, mama. Namtunzia.”

“Unamtunzia? Kitu kinachotunzwa kinafungiwa sandukuni. Hicho naambiwa hakikosi kilabuni. Sasa kinatunzwa au kinaliwa?”

Watu wakacheka. Mimi nikafurahi, nikasema leo Mungu ameniona, mama ananidaia haki yangu. Wapi! Akanigeukia mimi.

“Na wewe mkwe, mdomo wako umeuacha wapi? Unanuna jikoni kwangu toka mavuno, sufuria zangu unazitua kwa kishindo, nikadhani nimekukosea mimi. Mficha uchi hazai. Mimi simdaii mtu mwenye mikono yake miwili.”

Aibu niliyoisikia siku hiyo, mwanangu, acha tu. Wageni wote wananitazama, mume wangu anakuna kichwa. Nikasimama.

“Shemeji, lete kisu changu.”

“Ah, shemeji, si tumalize nyama kwanza? Kesho nitakuletea.”

“Kesho sitaki. Lete sasa hivi.”

Akaninyooshea. Unajua alivyoninyooshea? Kimefunguka, yeye kashika mpini, makali yananitazama mimi! Mama mkwe akapaza sauti kutoka mkekani: “Ditramu! Nani alikufundisha kumpa mtu makali? Kifunge, umpe kwa adabu.” Akakifunga. Nikakipokea, na nilipokifungua nikaona ncha yake imekatika. Na mpini umeingia ufa. Alikuwa akichokolea nini, mimi na wewe hatutajua, na samahani sikuisikia siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka tunamzika.

Sikulia. Nilikwenda pale kwenye nyama nikaanza kukata. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kile hata bila ncha kilikuwa kikali bado. Pande la kwanza nikampelekea mama mkwe kwa magoti yote mawili. Ditramu nilimpa shingo.

Sasa juzi nasikia binti mmoja hapa mjini amenunua kiwanja kule Viwanja Sitini, kwa jasho lake la kuuza mchele, karatasi zimeandikwa jina la kaka yake. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu, “Ananitunzia, bibi.” Jamani! Nilishindwa kumeza ugali. Simu nzuri mnatunziwa, mshahara mnatunziwa, hata vyeti vya shule mnatunziwa na watu wenye akili zao timamu, nanyi mmekaa mnanuna jikoni.

Nisikilize, mwanangu. Kitu chako kishike mwenyewe. Ukikiazima, sema nimekuazima, tena useme mbele ya watu. Anayekwambia nikutunzie wakati hujamwomba, mwambie ahsante, ninayo mikono. Na akishakichukua, kidai mapema, siku ile ile, kwa adabu lakini kwa sauti inayosikika, kwa sababu kila siku unayonyamaza kinazidi kuwa chake, na kikirudi kitarudi kimekatika. Usimsubiri mume akusemee. Usinisubiri mimi.

Mungu akupe kilicho chema, mwanangu, akupe na ulimi wa kukilinda. Jasho lako lisiloweshe shati la mwingine. Na ukiwa mama mkwe wa watu, uwe na mdomo kama wa yule mama yangu. Amina.