Siku Waliyotufungulia Kambi ya Mizinga

Chifu alipotangaza kwamba kambi ya mizinga itafunguliwa kwa watu wote siku nzima, bure, nilicheka kwa hasira. Bure! Ardhi ile ya ufuoni, upande wa Mwabungo, ilikuwa yetu. Wakati wa vita Wazungu walikuja na askari wao wakatuhamisha, wakazungusha seng'enge, na vita vilipokwisha hawakuondoka. Sasa tulialikwa kama wageni tukatazame mizinga iliyostaafu.

Mimi nisingekwenda. Mama ndiye aliyetaka. Ndani ya seng'enge ile alizikwa kaka yangu, mwanawe wa kwanza, aliyekufa kwa surua kabla sijazaliwa. Kila Shaabani wenzetu walikwenda kupalilia makaburi ya watu wao na kuwasomea, naye mama alibaki nyumbani akisingizia kichwa. Alikuwa amekwenda langoni kuomba aingie, wakamfukuza.

"Siku hiyo lango li wazi, mwanangu," aliniambia. "Mizinga yao siihitaji. Nataka kumsomea mtoto wangu Fatiha, basi."

Alichukua chupa ya marashi na mrehani kidogo, tukaondoka alfajiri. Langoni tulikuta wakata miwa wa Ramisi na wake za makarani wa Matuga, wamevaa kama wa harusini. Niliwachukia wote.

Askari wa langoni, kijana wa huku huku pwani, alitusalimu kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Fuateni njia. Msivuke mawe."

Njia ilipambwa pande zote mbili kwa mawe ya matumbawe yaliyopakwa chokaa, meupe pe. Mama alitembea kidogo, akasimama, akainama na kulishika moja. Kwetu kaburi haliandikwi jina. Huwekwa jiwe kichwani na jiwe miguuni, ya kuokotwa ufuoni, na wenyewe huyajua. Askari walipotafuta mawe ya kupambia njia yao hawakwenda mbali.

"Ni haya," mama alisema.

Lakini lipi? Chokaa ilikuwa imeyafanya yote mamoja. Pale yalipong'olewa palisawazishwa, pakamwagwa saruji, na mzinga ukasimamishwa juu yake. Watoto wa shule walikuwa wakiupanda na kushuka.

Mama hakujua ageukie wapi asome. Akapiga magoti, akaanza kuyanyunyizia marashi mawe ya njiani, moja baada ya jingine, huku midomo ikimchezacheza. Nyuma yetu watu walinung'unika kwamba tunawazuia. Marashi yakaisha na mawe bado ni mengi. Nilitamani kumtukana mtu, yeyote yule.

Mzungu mmoja mwenye nyota mabegani alitujia akitabasamu, akasema jambo kwa lugha yake. Yule kijana wa langoni akaitwa atafsiri.

"Mama, bwana amefurahi umekuja. Anauliza, umekiona ulichokuja kukitazama?"

Mama aliinuka, buibui lake limejaa chokaa magotini.

"Muulize yeye," alisema, "mtoto wangu wamemweka wapi."

Kijana alimtazama mama, akayatazama mawe, na nikaona kwamba ameelewa. Kisha akamgeukia bwana wake na kusema neno fupi la Kiingereza, neno ambalo hata sisi tusiosoma tulilijua. Alimwambia kwamba mama anashukuru.