Neno Moja la Lautaro

Siku Noelia alipoanza kazi kwenye jiko letu la shule alikaanga vitunguu kwa mafuta ya alizeti, nikamwambia kwamba kwetu Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mtu anayefanya hivyo mbele ya pakiti ya siagi huhesabiwa mgonjwa. Alicheka mpaka akaacha vitunguu viungue. Nilimpenda papo hapo, maana wengi hawacheki nikiwa na mwiko mkononi.

Alitoka Rosario, Argentina, akimfuata mumewe Ezequiel, fundi mitambo katika kiwanda cha maziwa ya unga nje ya mji wetu. Alifika na mimba, na mtoto akazaliwa huku huku, wakamwita Lautaro. Noelia ni mwanamke wa maneno. Humenya karoti akiongea, hufungua jiko la kuoka akilisemesha, na yule mtoto alikuwa akimwagiwa Kihispania tangu anafumbua macho asubuhi mpaka anapofunikwa blanketi. Nilimtania kwamba mtoto hapati hata upenyo wa kuingiza neno lake. Ulikuwa utani tu, na baadaye nikatamani nisingeutoa.

Kwa sababu Lautaro alifika miaka miwili, akapita, na haongei. Alitembea, alipanda viti, alivua soksi zake na za wenzake, lakini mdomoni kimya. Alikuwa na neno moja tu, "amaa", na Noelia aliamua kwamba hilo ni "mama" lililokosa kuiva. Kila akilisikia alimnyanyua na kumbusu mashavu yote mawili. Mtoto alijikunja, akapiga mateke na kulia kwa hasira. Mama mtu akasema hasira hizo ni za ukoo wa Ezequiel.

Daktari wa kliniki ya watoto alikuwa kijana mwema mwenye haraka. Aliuliza nyumbani wanazungumza lugha gani, akatikisa kichwa. Alisema kichwa cha mtoto kimejazwa vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo waache Kihispania, wamsemeshe Kifaransa peke yake, na mtoto apelekwe hospitali ya mji wa Brest kupimwa masikio. Nafasi ya Brest ilikuwa mpaka majira ya kuchipua.

Noelia alitii, na hapo ndipo nyumba yake ilipopoa. Kifaransa chake alikiokota kwetu, kwenye foleni ya watoto wa shule wenye sahani. Nawa mikono. Usisukume. Maliza chakula chako. Basi ndivyo alivyokuwa akimsemesha mwanawe wa kumzaa, kama mtoto wa foleni. Mama yake akipiga simu kutoka Rosario, alitoka kwenda kukaa ndani ya gari ili Lautaro asisikie. Nilimwona mara moja nikipita, amejikunja kwenye kiti cha dereva na koti la jikoni, anaongea mbio mbio kama mtu aliyebana pumzi siku nzima.

"Soazig," aliniambia siku moja tukisugua masufuria, "kama hasikii, basi nyimbo zote zile nilikuwa nauimbia ukuta."

Mimi kubembeleza sijui. Nilimpa kitambaa kikavu, nikasimama karibu naye.

Mchana Lautaro alilelewa na Bi Denise, ambaye amelea nusu ya mji huu, wakiwemo wanangu wawili. Ana nyumba mwisho wa barabara, kuku, na mume anayeitwa Fañch ambaye hazungumzi sana. Bi Denise huongea Kifaransa kilichonyooka, cha kusoma taarifa ya habari. Kila jioni Noelia alipokwenda kumchukua mtoto alimuuliza swali lile lile, leo amesema lolote? Na kila jioni Bi Denise alitikisa kichwa kwa huzuni. Hapana, mwanangu, hajasema kitu. Daktari alipompigia simu naye alimjibu hivyo hivyo. Nataka ieleweke kwamba huyu mama si mwongo. Nimemjua tangu nazaliwa, na hata chenji ya peremende hajawahi kumdanganya mtu.

Jumapili moja ya Januari Bi Denise alitualika kula keki ya wafalme. Ezequiel alikuwa zamu, kwa hiyo tulikuwa Noelia na mtoto, mimi na mume wangu Régis, na wenye nyumba. Ndani ya keki hiyo hufichwa kisanamu kidogo cha kaure, na atakayekikuta kwenye kipande chake ndiye mfalme wa siku. Ili asipendelewe mtu, mdogo kuliko wote huingia chini ya meza, na mkataji akishika kipande humuuliza hiki cha nani. Mtoto hutaja jina.

Noelia alijua desturi hiyo, na aliiogopa tangu tunavua makoti.

"Tusimweke chini ya meza, Bi Denise," alisema. "Tutamwaibisha bure."

Bi Denise akasema mdogo ni mdogo, na mtoto hawezi kunyimwa haki yake kwa sababu ya daktari. Lautaro akaingia chini ya kitambaa cha meza kwa furaha zote, akaanza kufungua kamba za viatu vyetu.

Régis alishika kisu. Akauliza kwa sauti ya kuchekesha, hiki cha nani? Kimya. Akauliza tena, polepole. Tulisikia kamba ya kiatu changu ikivutwa. Noelia alikuwa ameinamia sahani yake tupu kana kwamba imeandikwa kitu. Régis, ambaye kimya humwasha mwilini, akasema basi ataingia yeye chini ya meza, kwa akili ndiye mdogo. Hakuna aliyecheka.

Hapo Bi Denise akainua ncha ya kitambaa, akainama, na akasema chini chini, kwa ile sauti anayowaitia kuku wake:

"Evit piv?"

Na kutoka chini ya meza ikaja sauti nyembamba, safi, isiyo na wasiwasi wowote.

"Tad-kozh."

Nilibaki na mkono hewani. Neno hilo nalijua. Ndivyo nilivyomwita babu yangu, na ni katika maneno machache ya Kibretoni, lugha ya zamani ya kwetu, yaliyonisalia. Fañch aliiva uso mzima. "Ni mimi," alisema. "Huwa ananiita babu."

Bi Denise alichukua kipande akakiweka mbele ya mumewe. Akauliza tena yale maneno mawili ya kuuliza cha nani. Mtoto akajibu "mamm-gozh", yaani bibi, na huyo alikuwa Bi Denise mwenyewe. Kipande cha tatu kiliposhikwa, Lautaro hakungoja hata kuulizwa. Alipiga mguu wa meza kwa ngumi na kupaza sauti.

"Amann!"

Noelia aliinuka, mkono kifuani. "Ni mimi," alisema. "Hicho changu. Siku zote huniita hivyo."

Bi Denise akamtazama Fañch. Fañch akatazama dari.

"Mwanangu," Bi Denise alisema, "hiyo ni siagi."

"Siagi?"

"Anataka apakiwe siagi."

Régis alianza kucheka, nikamtia kiatu kwenye ugoko. Noelia alikuwa bado amesimama, anatutazama mmoja mmoja, na niliona uso wake ukienda kulia kisha ukageuka njiani.

"Miezi yote hii," alisema, "mtoto ananiomba siagi, na mimi nambusu?"

Akacheka. Tulicheka sote mpaka mbavu zikauma, na Lautaro akatoa kichwa nje ya kitambaa kuona kuna nini na kwa nini siagi haijaja. Bi Denise akampakia kwenye kipande cha mkate, ile yenye chumvi, nene. Akala bila hili wala lile.

Kisha Noelia akakaa. "Bi Denise," alisema, "kumbe anaongea."

"Haongei, mwanangu. Hicho ni cha nyumbani tu. Cha kuku na cha watoto wadogo. Si kitu cha kumwambia daktari."

Alilisema kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi kwa sakafu chafu. Nikaelewa kwamba mama huyu alipoulizwa jioni zote zile kama mtoto amesema kitu, alikuwa akitafuta kwa uaminifu neno la Kifaransa, halipati, na kujibu hapana. Mengine yote hayakuingia kwenye hesabu yake.

Alitueleza, huku anamalizia kukata keki. Alipoanza shule hakujua neno la Kifaransa, na aliyekamatwa akisema Kibretoni alivikwa shingoni kiatu cha mbao kwenye kamba. Ili kukivua ilibidi amsikie mwenzake akikosea, amvishe yeye. Ambaye jioni ilimkuta nacho, alibaki kufagia darasa. Alisema alikuwa akifagia vizuri sana. Hakulia wala hakutafuta kuonewa huruma, aliuliza tu nani anataka kipande kikubwa.

Mimi nilikasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Mwalimu yule ameshakufa. Mama yangu mzazi alikaa darasa moja na Bi Denise, na alipotoka pale aliamua kwamba binti yake hatapata hata neno moja la kumvisha kiatu shingoni. Kwa mapenzi tu. Na sasa chini ya meza kitoto cha watu wa Rosario kilikuwa kinaijua lugha ya babu yangu kuliko mimi. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka miwili, nasema kweli.

Noelia aliuliza anajua maneno gani mengine. Bi Denise alianza kuyataja kwa haya. Maji. Kuku. Mvua. Buti. Moto, usiguse. Fungua mlango. Tufaha. Ngoja. Nipe mkono. Noelia alikuwa akikunja kidole kwa kila neno, vidole vikaisha, akaanza upya, kisha akaacha na kufunika uso wake kwa viganja.

"Na matusi mawili," Fañch aliongeza. "Hayo ni yangu."

Tukacheka tena, safari hii kwa kutua mzigo. Kisanamu kilimwangukia Régis, akavaa taji la karatasi na hakuna aliyemtazama. Bi Denise alikuwa anasokota kona ya aproni yake. Akauliza kama aache, kwa kuwa daktari amesema lugha moja, na yeye hakutaka kuwa ndiye aliyemharibia mtoto.

"Mimi nilinyamaza kwa ajili ya daktari," Noelia alimwambia. "Nimempotezea mtoto miezi yangu yote hiyo. Usinyamaze na wewe, mama. Sitakuwa na mtu wa kumsemesha badala yangu."

Bi Denise aliinuka. Alienda jikoni kuosha vyombo ambavyo hata hatujamaliza kuvitumia.

Brest walikwenda zamu yao ilipofika, maana Ezequiel ni mtu wa kuhakikisha. Masikio mazima. Yule mtoto anasikia karatasi ya peremende ikifunguliwa chumba cha pili, na sisi tungeweza kumwambia daktari hilo bila mashine.

Lakini mimi nakumbuka zaidi safari ya kurudi Jumapili ile. Régis alibaki na Fañch kumaliza mvinyo wa tufaha, kwa hiyo nilipanda gari la Noelia. Lautaro alifungwa kwenye kiti chake cha nyuma, siagi mpaka masikioni. Tulikwenda kidogo, vifutio vya kioo vikienda na kurudi. Kisha Noelia akaanza kumsemesha kwa Kihispania. Alianza polepole, kama mtu aliyefunguliwa plasta mguuni anayejaribu kukanyaga. Alimwonyesha ng'ombe. Akamwonyesha trekta, lango, farasi aliyefunikwa koti. Halafu maneno yakamtoka yenyewe. Kihispania sijui, lakini nilisikia jina la mama yake na nikajua anamweleza mtoto jinsi bibi yake atakavyopiga kelele akisikia habari za siagi. Akaimba kipande cha wimbo, akauacha, akarudi kwenye ng'ombe. Alikuwa analia bila kufuta machozi na sauti haikukatika hata kidogo. Tulipita nyumba yangu. Sikumwambia.

Kwenye mzunguko wa barabara karibu na duka kubwa, lori la nguruwe liliingia mbele yetu bila adabu, naye ikabidi akanyage breki na kunyamaza. Gari likatulia. Mvua juu ya paa.

"Más," sauti ikasema kutoka nyuma.

Hilo nalijua, ndilo Noelia hunisemea jikoni nikipunja chumvi. Zaidi.

Noelia hakugeuka. Alishika usukani kwa mikono miwili, akashusha pumzi. Lori lilikuwa limeshakwenda zamani na nyuma yetu watu walianza kupiga honi. Akaanza upya, kutoka kwa ng'ombe.